Kutengeneza odomita iliyosimama katika gari la zamani

Odomita ya gari la zamani, yaani kihesabu cha kilometa zake zote, haifi kwa kishindo. Gari linashuka kutoka Newala hadi Mtwara likiwa zima, mshale wa spidi unapanda na kushuka kama ilivyo desturi yake, na pengine wiki nzima hupita kabla mwenye gari hajatazama chini ya mshale na kuona kwamba tarakimu zimeganda pale pale zilipokuwa kabla ya safari. Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili, na yote mawili nayaona ni makosa: ama huiacha ilivyo, kwa kuwa gari linaendelea kutembea, ama hununua spidomita ya mtumba na kuipachika, nayo huja na kilometa za gari ambalo hawakulijua kamwe. Mimi nilianza kama fundi saa kabla ya kuhamia kwenye vyombo vya dashibodi hapa Mtwara, na katika kazi hii nimekuta kwamba odomita nyingi zinazohukumiwa kuwa zimekwisha zina kasoro moja ndogo tu. Mara nyingi ni gia ndogo inayoteleza kwenye shafti yake, au ni vumbi lililogandamana na grisi mahali pasipotakiwa grisi kabisa. Kasoro ya namna hiyo hutengenezeka mezani kwa zana za kawaida, ilimradi anayeitengeneza ajue anachokitafuta kabla ya kufungua chochote.

Maelezo haya yanahusu spidomita za kebo, yaani zile zinazozungushwa na kebo itokayo kwenye giaboksi au transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kama zilivyo katika Land Rover za Series, Peugeot 504, Datsun na Toyota za miaka ya 1970, na Mercedes za umbo la W123. Magari yanayohesabu mwendo kwa sensa ya umeme yana njia yake nyingine ya utengenezaji.

Ni vizuri kwanza kuelewa kinachotokea ndani ya chombo chenyewe, kwa sababu ufahamu huo ndio unaookoa muda. Kebo inapozunguka, huzungusha shafti fupi iliyo nyuma ya spidomita, na shafti hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kuzungusha sumaku iliyo ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu. Sumaku haikigusi kikombe, bali hukivuta kwa nguvu ya umeme inayozaliwa na mzunguko wenyewe, na springi nyembamba kama ya saa ya mkono hukizuia kisizunguke moja kwa moja, hivyo mshale uliofungwa juu yake husimama mahali panapolingana na spidi. Kazi ya pili ni kuendesha odomita: shafti ina mikunjo kama ya skrubu, mikunjo hiyo huzungusha gia, gia huzungusha nyingine, na mwendo hupunguzwa hatua kwa hatua hadi gurudumu la tarakimu la mwisho kulia linapozunguka polepole kabisa. Kila gurudumu la kulia likimaliza mzunguko mmoja, gia ndogo iliyo kati yake na jirani yake wa kushoto humsogeza jirani huyo kwa tarakimu moja. Kwa hiyo mshale na odomita hula kutoka sahani moja, lakini kila kimoja hula kwa mkono wake.

Kutokana na hilo unaweza kujua kasoro iko wapi ukiwa bado umeketi kwenye kiti cha dereva. Mshale na odomita vikifa pamoja, usifungue spidomita. Kasoro iko kwenye kebo au kwenye gia inayoizungusha kule chini. Mshale ukifanya kazi huku tarakimu zimesimama, kebo ni nzima na kasoro imo ndani ya chombo, upande wa gia za odomita. Tarakimu zikitembea na mshale umelala, tazama kikombe, springi au egemeo la mshale. Mshale unaotetemeka na kurukaruka, hasa ukiambatana na mlio wa kukwaruza nyuma ya dashibodi, kwa kawaida ni dalili ya kebo kavu au iliyokunjwa kupita kiasi. Jambo jingine ni kuangalia kama kihesabu cha safari, kile kinachorudishwa sifuri kwa kitufe, bado kinatembea. Kikitembea huku odomita kuu imesimama, basi gia za mwanzo ni nzima, na utafutaji wako unabaki kwenye sehemu ndogo sana.

Mzee mmoja aliwahi kushuka na Land Rover yake kutoka Newala, odomita imesimama kwa zaidi ya mwaka. Alipofika alisema, «Mpwa wangu, itoe yote uweke nyingine, nimechoka nayo.» Nikamjibu, «Mjomba, nipe hadi jioni niifungue kwanza. Tukikuta imekufa, tutazungumza habari ya nyingine.» Jioni ile ile alirudi na gari linalohesabu. Nitaeleza tulichokikuta ndani, kwa sababu ni kasoro ya nyanda hizi hasa.

Tuanze na kebo, ingawa si kiini cha mada, kwa kuwa kebo mbovu huua hata spidomita iliyotoka kutengenezwa. Ichomoe nyuma ya spidomita. Katika magari mengi imeshikwa kwa nati yenye michirizi inayofunguliwa kwa vidole, na katika mengine kwa klipu ya kubonyeza. Mwombe mtu alisukume gari mbele taratibu huku wewe ukitazama ncha ya kebo: ikizunguka sawasawa, kebo iko salama, isipozunguka, vuta waya wa ndani. Ukitoka mzima wote, tazama kama ncha zake za pembe nne bado zina pembe au zimekuwa duara. Ukitoka nusu, umekatika, na nusu iliyobaki huvutwa kutoka upande wa giaboksi. Unaporudisha waya mpya au uliosafishwa, paka grisi nyepesi kwenye theluthi mbili za chini tu, na theluthi ya juu, hasa sentimita 15 au 20 za mwisho kabla ya kufika kwenye spidomita, iache kavu. Waya unaozunguka hupandisha grisi juu kama skrubu inavyopandisha unga wa mbao, na grisi hiyo ikiingia kwenye kikombe na sumaku, mshale hunata na tarakimu hugandamana. Hakikisha pia kwamba kebo haikunjwi kona kali popote inapopita. Mkunjo wenye nusu kipenyo cha chini ya sentimita 15 hivi hauipi muda mrefu wa kuishi.

Kwenye Land Rover za Series, kebo hutoka nyuma ya transfa, karibu na dramu ya handbreki. Ukiona ncha ya juu ya kebo imelowa oili nyeusi, oilsili (mpira wa kuzuia oili) ya pale imechoka na oili inapanda hadi kwenye dashibodi. Badilisha oilsili hiyo kabla ya kuirudisha spidomita, la sivyo kazi yote ya mezani itakuwa ya miezi michache tu.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Chomoa betri, kwa sababu nyuma ya dashibodi ya gari la zamani waya nyingi zimekwisha vuliwa ngozi na umri, na bisibisi moja ikigusa vibaya inatosha kuleta moto. Kwenye Series III, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971, vyombo viko mbele ya dereva kwenye kidirisha kilichofungwa kwa skrubu, na ukikivuta kidogo unapata nafasi ya kuingiza mkono na kuachia kebo. Kwenye Mercedes ya W123 kundi zima la vyombo hushikwa na mpira unaokaza kwenye kingo zake, na hutolewa kwa kuvutwa taratibu na vipande viwili vya waya mgumu vilivyokunjwa kama ndoana. Gari hilo lina jambo la kuangaliwa sana: nyuma ya geji ya presha ya oili hupita mrija mwembamba wenye oili yenyewe ya injini. Usivute kwa nguvu. Legeza kebo kwanza kutoka kwenye kishikio chake ili upate nafasi, kisha fungua nati ya mrija huo kwa spana ukiwa na kitambaa mkononi.

Kabla ya kuendelea, andika namba inayosomeka kwenye odomita na upige picha kwa simu. Fanya hivyo tena kila unapotoa kipande, kutoka pande mbili tofauti. Kwenye saa ya mkono nilifundishwa kupanga kila skrubu kwenye karatasi nyeupe kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, na desturi hiyo inafaa vilevile hapa.

Ukingo wa chuma unaoshika kioo kwenye vyombo vya kampuni ya Smiths ya Uingereza, kama vya Land Rover, hufunguliwa ama kwa kuzungushwa hadi masikio yake yakutane na nafasi zake, ama kwa kuinuliwa kidogo kidogo kuzunguka duara lote kwa bisibisi bapa. Kwa magari ya huku Pwani ukingo huo mara nyingi umeshikwa na kutu ya chumvi, hasa kama gari limeegeshwa miaka mingi maeneo ya Shangani au Mikindani ambako upepo wa kusi huingia moja kwa moja kutoka baharini. Tia tone la mafuta ya kupenya, uache usiku kucha, na asubuhi jaribu tena bila kulazimisha, kwa maana kioo cha kipimo kile ni kigumu kupatikana kuliko gia.

Hapa nitatoa onyo moja zito. Mtu akiokota chombo cha gari la kijeshi la miaka ya 1940, asikwangue tarakimu zake wala asipulize vumbi lililomo ndani. Vyombo vya enzi hizo vilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, ambayo haing'ai tena lakini mionzi yake haijaisha wala haitaisha katika maisha yetu. Kusini hii ilipokea mashine nyingi zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufika hadi Nachingwea, kwa hiyo tahadhari hii si ya kubahatisha. Chombo cha namna hiyo kiache kimefungwa.

Ukishafungua, usikimbilie kuutoa mshale. Tazama kwanza kama shafti ya magurudumu ya tarakimu inaweza kuvutwa kutoka ubavuni huku uso wa spidomita ukiwa mahali pake, kwani katika vyombo vingi inawezekana, na kila mshale usiotolewa ni springi iliyookolewa. Kama hapana budi kuutoa, uinue taratibu juu ya kipini kinachouzuia kwenye sifuri, uuache ulale wenyewe mahali springi inapoupeleka, kisha uweke alama ndogo ya penseli mahali hapo. Wakati wa kurudisha utaanzia kwenye alama hiyo, si kwenye sifuri. Anayeuweka mshale kwenye sifuri moja kwa moja huishia na spidomita inayodanganya katika kila spidi.

Kinachofuata ni kutafuta mahali mwendo unapokatikia, na hapa ndipo subira inapolipa. Chukua kalamu ya wino mweupe au rangi ya kucha, weka nukta moja kwenye gia na nyingine kwenye shafti yake, zikitazamana. Fanya hivyo kwa kila gia iliyobanwa kwenye shafti. Halafu ingiza kipande cha waya wa kebo kuukuu kwenye tundu la nyuma na ukizungushe kwa vidole, polepole, ukitazama chini ya mwanga mkali. Kwenye vyombo vya kampuni ya VDO, ambavyo vimo katika Mercedes na Volkswagen nyingi, kasoro ya kawaida huonekana hapo hapo: gia inazunguka, shafti iliyopita katikati yake imesimama, na zile nukta mbili zinaachana mbele ya macho yako. Gia hiyo imetengenezwa kwa chuma laini cha kumiminwa na ilibanwa tu juu ya shafti bila kipini. Miaka ikipita tundu lake hupanuka au hupata ufa, na inakuwa kama pete iliyokuwa ikimtosha mtu akiwa mnene.

Tiba yake ni kuisukuma shafti nje kwa msumari mwembamba usio na ncha, kwa kiasi cha milimita chache, hadi sehemu ambayo gia huikalia ionekane. Ile sehemu ibane kwa koleo lenye meno, uzungushe kidogo na ubane tena, ili meno ya koleo yaache mikwaruzo midogo kuizunguka. Usizidishe, unataka ukali wa msasa, hutaki mabonde. Futa mafuta yote kwa spiriti, kisha rudisha shafti ndani ya gia kwa kuisukuma taratibu. Iwapo tundu limepanuka sana, tumia gundi ya epoksi ya kuchanganya mirija miwili, iwekwe kwa ncha ya sindano, kiasi cha kichwa cha kiberiti au pungufu, na iachwe saa 24 kabla ya kuguswa. Ile gundi ya maji inayokauka papo hapo siipendi kwa kazi hii. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo na uso mweusi wa spidomita, na tone likikimbia kwenye egemeo la shafti, umeifunga odomita kwa namna ambayo haitafunguka tena.

Kama gia ni ya nailoni na meno yake yamevunjika, gundi haitasaidia. Hesabu meno ya gia hiyo mara mbili, ukihesabu na nafasi za yale yaliyovunjika, kisha tafuta chombo kingine kibovu cha aina ile ile na uchukue gia yenye idadi ile ile ya meno. Hapa spidomita ya mtumba ina matumizi ya halali kabisa: inatoa kipande, haitoi historia. Gia yenye jino moja zaidi au pungufu itaingia mahali pake na itazunguka vizuri, lakini itahesabu vibaya kila siku, na mwenye gari hatajua.

Kwenye vyombo vya Smiths vya zamani mpangilio ni tofauti kidogo. Humo hakuna mfululizo wa gia tu, bali kuna ulimi mdogo wa chuma unaokwenda mbele na kurudi, ukisukuma gurudumu lenye meno ya msumeno jino moja kila unapokwenda. Ulimi ukichakaa ncha, au springi yake ikilegea, husukuma hewa. Hicho ndicho nilichodhania kwenye Land Rover ya yule mzee, na nilikosea. Ulimi ulikuwa mzima. Nilipoinua kioo cha kukuzia niliona kwamba kati ya gurudumu la tatu na la nne kulikuwa na kitu chekundu kigumu kama matofali: vumbi la nyanda za juu za Makonde lilikuwa limeingia kupitia mpira wa kioo uliopasuka, likakutana na grisi ambayo mtu fulani aliipaka zamani kwa nia njema, na vikaungana vikaifunga gia ndogo ya katikati. Magurudumu matatu ya kulia yalipofika kwenye tisa, la nne lilipasa kusogea na halikuweza, na ulimi ulikuwa ukisukuma ukuta. Nilitoa shafti, nikachokoa udongo ule kwa kijiti cha meno cha mbao, nikapiga brashi laini iliyoguswa spiriti kwenye meno tu, nikarudisha. Hapakuhitajika kipande kipya hata kimoja.

Nasema «kwenye meno tu» kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi hii nilisafisha magurudumu ya tarakimu ya Peugeot 504 kwa thina, na rangi ya tarakimu ikayeyuka na kutoka yote pamoja na uchafu. Yakabaki magurudumu meupe yasiyosema kitu, na mteja alingoja miezi miwili hadi nikapata mengine. Tangu siku ile uso wa tarakimu naugusa kwa pamba iliyoloweshwa maji yenye tone la sabuni na kukamuliwa, na hata hiyo naipitisha mara moja bila kusugua. Petroli, mafuta ya taa na thina visikaribie kabisa tarakimu wala maandishi ya uso wa spidomita.

Kuhusu kulainisha, kidogo ni bora kuliko kingi. Tone moja la mafuta ya saa au ya cherehani, kwa ncha ya sindano, kwenye egemeo la shafti inayopokea kebo, chembe kwenye mikunjo ya skrubu inayoendesha gia ya kwanza, basi. Magurudumu ya tarakimu hukimbia makavu. Sumaku na kikombe visiguswe na mafuta ya aina yoyote.

Kabla ya kufunga, jaribu chombo mezani kwa drili ya umeme inayorekebishika mwendo. Kwanza uhakikishe kebo huzunguka kuelekea upande gani gari linapokwenda mbele, kwani kuzungusha kinyume hupiga mshale kwenye kipini chake na kunaweza kuharibu kilichotengenezwa. Kwenye sehemu ya chini ya uso wa spidomita nyingi kuna namba ndogo inayoonyesha kebo inazunguka mara ngapi kwa kilometa moja, au kwa maili moja kama chombo ni cha maili. Maili moja ni kilometa 1.609, hivyo usichanganye. Chukua mfano wa chombo cha mizunguko 900 kwa kilometa. Drili ikizunguka mara 900 kwa dakika, mshale unapaswa kusimama kwenye 60, na baada ya dakika 10 odomita inapaswa kuwa imeongeza kilometa 10. Muhimu zaidi ni kuiacha ipite kwenye zamu ya tisa kwenda sifuri katika magurudumu mawili au matatu kwa pamoja, kwa sababu hapo ndipo mzigo unapokuwa mkubwa na ndipo gia iliyobanwa vibaya huteleza tena.

Magari mengi ya zamani huku kwetu yamebadilishiwa giaboksi, difu au tairi, na odomita iliyotengenezwa vizuri inaweza kuhesabu vibaya kwa sababu hiyo tu. Kuna njia rahisi ya kupima. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na chini sakafuni, chomoa kebo kwenye spidomita, bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ncha ya waya ili uweze kuhesabu, kisha sukuma gari mbele kwa mstari ulionyooka hadi tairi limalize mizunguko 6 kamili. Pima umbali lililotembea kwa futi kamba ya mita, na ugawe mizunguko ya waya kwa mita hizo. Tuseme gari limetembea mita 14.7 na waya umezunguka mara 12.9, jibu ni mizunguko 0.878 kwa mita, yaani 878 kwa kilometa. Linganisha na namba iliyo kwenye chombo. Ikiwa chombo kinataka 900, odomita itahesabu pungufu kwa takriban kilometa mbili na nusu katika kila mia, na hilo linavumilika. Mtu aliyetoa tairi za 6.00-16 kwenye Land Rover na kufunga 7.50-16, zilizo kubwa zaidi, atapoteza takriban kilometa 10 katika kila mia, na huyo hana budi kulizingatia anapopanga kubadili oili.

Wakati wa kufunga, weka mpira mpya wa kioo. Kama haupatikani, kata kutoka kwenye mpira mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uoshe poda yake, na uukalishe bila kuvuta. Usitumie silikoni inayonuka siki. Asidi inayotoka wakati inakauka hula chuma na shaba ndani ya chombo kilichofungwa, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haihitaji msaada zaidi.

Linabaki swali la tarakimu zenyewe. Magurudumu yakiwa nje ya shafti yanaweza kupangwa namba yoyote, na kila fundi wa vyombo hujikuta siku moja akiombwa apunguze. Mimi nakataa. Narudisha namba ile ile niliyoipiga picha mwanzoni, nami naandika kwenye daftari la gari tarehe odomita iliposimama, kama mwenye gari anaikumbuka, tarehe ilipotengenezwa, na namba iliyosomeka. Pengo la kati linabaki pengo, limeandikwa wazi. Atakayelinunua gari hilo kesho ana haki ya kujua kwamba injini imetembea zaidi ya tarakimu anazoziona, na mwenye gari la leo anahitaji hesabu ya kweli ili ajue lini oili na mkanda vimefikia mwisho. Ambaye gari lake hukodishwa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, atahitaji pia odomita hiyo kila jioni anapopatana na mpangaji kwa kilometa.

Kisha toka na gari barabarani. Barabara kuu ya kutoka Mtwara kupita Mikindani kuelekea Lindi ina nguzo za kilometa pembezoni. Chagua nguzo mbili zilizoachana kilometa 10, andika namba ya odomita kwenye ya kwanza na kwenye ya pili, na ufanye hivyo kwenda na kurudi. Usirudishe kihesabu cha safari kwenye sifuri gari likiwa linatembea, si siku hiyo wala siku nyingine, kwa maana kitufe hicho huachanisha gia zikiwa zinazunguka, na ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuvunja meno ya nailoni. Ukitembea kilometa 500 za kwanza, ingiza mkono nyuma ya dashibodi, ushike nati ya kebo kwa vidole viwili na uikaze tena, kisha pitisha kidole kwenye shingo yake uone kama kina oili.